Damu au Jiko? Namna ya Kuchunguza Saratani za Wanawake Kwenye Ukoo Wako

Daktari alimwuliza mama mdogo: "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua saratani?" Akajibu hapana. Tukarudi Tandika. Jioni tukamsimulia bibi, anapeta mchele uani, naye bila kuinua kichwa akaanza kuhesabu: dada yake mkubwa aliyekufa na kidonda cha ziwa kule Kilwa, binti wa huyo dada aliyejaa maji tumboni, na dada yao mwingine "aliyekwisha kukata damu, kisha damu ikamrudia". Watatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa mgonjwa wa saratani, ndiyo maana kwenye faili la mama mdogo tuliandikwa ukoo usio na historia.

Niliyojifunza baada ya jioni ile nayaandika kwa yeyote aliyeko Dar anayetaka kujua saratani za titi, mlango wa kizazi, mfuko wa uzazi na ovari kwao zinatoka wapi. Mahitaji ni kauntabuku moja, penseli (kalamu achana nayo, utafuta sana), bando la kupigia simu mikoani, na muda. Mimi ilinichukua miezi mitatu, na nusu yake nilikuwa namsubiri mjomba apokee simu.

Kwanza, gawa daftari

Kila ndugu mpe kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto ni wa damu: nani kamzaa, kaugua nini, akiwa na umri gani. Wa kulia ni wa jiko, na jiko namaanisha maisha yote: alikokulia, alichopikia, alichokunywa, kazi aliyofanya, watoto aliozaa na kunyonyesha.

Ukichanganya kurasa hizo utajidanganya. Dada wawili wa tumbo moja wamegawana jeni za mama mmoja na baba mmoja, lakini pia wamekula chungu kimoja, wamevuta moshi mmoja, na pengine wote wawili hawajawahi kukanyaga kliniki kupima mlango wa kizazi. Wakiugua wote, watu husema "ni ya ukoo". Inawezekana. Inawezekana pia wamerithishana jiko tu. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, ni kati ya 5 na 10 tu ambao ugonjwa wao unatokana moja kwa moja na jeni yenye hitilafu waliyorithi.

Chora ukoo wa damu, ukoo wa heshima uweke kando

Hapa Kiswahili chetu, kwa uungwana wake, kitakuangusha. Mama mkubwa ni mama, mama mdogo ni mama, mtoto wa shangazi ni dada, na jirani mliyekaa naye nyumba moja ya kupanga Keko kwa miaka ishirini ni ndugu. Jeni hazijui heshima hiyo. Kwa kila jina uliza maswali mawili: "Nani alimzaa?" na "Ni tumbo moja na nani?" Baba akiwa mmoja na mama tofauti, andika hivyo. Ndugu wa kunyonya ziwa moja hawagawani jeni yoyote kwa sababu ya maziwa.

Yule wa tatu wa bibi, aliyerudiwa na damu, nilimwandika kama dada yake kwa wiki nzima. Siku nyingine nikauliza nani alimzaa, bibi akacheka: "Yule si alikuwa mke wa kaka yangu!" Wifi. Kwa bibi alikuwa dada, kwa sababu waliishi nyumba moja na walizikana. Kwenye ukurasa wa kushoto ilibidi nimfute.

Chora upande wa mama na upande wa baba, vizazi vitatu kama unaweza. Upande wa baba usiudharau. Mwanamume hubeba hitilafu za jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, zile zinazopandisha hatari ya saratani ya titi na ovari, kama mwanamke, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuzipata. Ukoo wenye wanaume wengi unaweza kuonekana salama kwa vizazi viwili, kumbe waliobeba hawakuugua.

Geuza maneno ya wazee kuwa maswali ya daktari

Ukimwuliza mzee wa Rufiji au Newala kama kuna aliyekufa kwa saratani, atakwambia hakuna. Uliza mwili ulikuwaje. "Jipu la ziwa lisilopasuka", "kidonda kilichonuka hadi watu wakahama chumba", "ziwa liliingia ndani": hayo yanaelekea kwenye titi. "Damu ilirudi baada ya kukoma", "damu kila baada ya tendo", "maji yenye harufu": hapo fikiria mfuko wa uzazi au mlango wa kizazi. "Tumbo lilijaa kama mjamzito huku mikono imekonda" inaweza kuwa ovari, lakini inaweza kuwa ini, inaweza kuwa kifua kikuu cha tumbo. Usiamue wewe. Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, na pembeni weka alama ya kuuliza. Daktari atafaidika zaidi na "tumbo lilijaa maji, miezi sita, hakuwa na manjano machoni" kuliko na neno "ovari" ulilolibuni.

Utasikia pia kwamba alirogwa, kwamba ni jini mahaba, kwamba alikanyaga kitu. Usibishane. Mwandikie mzee heshima yake, kisha uliza: "Na kabla hajaenda kwa mganga, alikuwa analalamikia wapi?" Mwaka aliopelekwa kwa mganga huwa unakumbukwa vizuri kuliko mwaka aliopelekwa hospitali.

Waulize na wanaume: tezi dume, titi (ndiyo, mwanamume hupata), na utumbo mpana. Kuna hitilafu ya kurithi iitwayo Lynch ambayo kwa wanawake huleta saratani ya mfuko wa uzazi na kwa wote huleta ya utumbo mpana, kwa hiyo mjomba aliyekuwa akitoka damu chooni ana nafasi yake kwenye mchoro.

Mahali pa kuulizia? Arobaini na hitma ni pazuri, kwa sababu wazee wamekusanyika na marehemu wanatajwa. Siku ya mazishi yenyewe hapana. Kitchen pati pia hapana, muziki ni mkubwa na mama mkwe mtarajiwa yupo.

Tafuta umri, hata kwa kuhesabu vidole

Umri wa kuugua ndio ufunguo. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kwamba kwenye kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) kuna jeni inayorithisha saratani ya titi. Alitumia koo 23 zenye wagonjwa 146, na alama haikujitokeza vizuri mpaka zilipopangwa kwa umri: zilizokuwa na wanawake waliougua mapema ndizo zilizosema ukweli. Jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana mwaka 1994, na BRCA2 ya kromosomu ya 13 mwaka uliofuata. Maabara ilikuja baadaye. Kazi ya mwanzo ilikuwa kama hii yako, ya kuuliza nani, lini, mtoto wa nani.

Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, lakini nchi imewapa kalenda: uhuru 1961, vita vya Amini 1978 hadi 1979, kuzama kwa MV Bukoba 1996, mvua za El Nino 1997 na 1998, msiba wa Mwalimu 1999. Hivi ndivyo nilivyompata dada wa bibi:

"Kifungua mimba wake alizaliwa mwaka wa uhuru. Yeye mwenyewe alipata mtoto huyo mwaka mmoja baada ya kutolewa ndani." Nikakadiria miaka 17, maana yake alizaliwa karibu na 1944. "Alifariki vita vya Amini havijaisha, na kidonda kilikuwa na mwaka." Basi aliugua akiwa na miaka 34 hivi. Nikaandika "34, kati ya 31 na 37". Umri wa kukisia wenye mipaka ni bora kuliko nafasi tupu.

Tahadhari moja. Tanzania ni nchi ya vijana, kwa hiyo hata wagonjwa wetu wa saratani ya titi wengi ni wa umri mdogo kuliko wale wa Ulaya, bila jeni yoyote. Mgonjwa mmoja wa miaka 40 peke yake hathibitishi kitu.

Makaratasi

Wanawake wa Dar hawatupi karatasi ya hospitali. Iko chini ya godoro, kwenye mfuko wa rambo pamoja na risiti za umeme. Unachotafuta ni majibu ya patholojia, yaani ya kile kinyama kilichokatwa na kupelekwa kupimwa. Karatasi ya ultrasaundi pekee haitoshi. Nakili neno kwa neno, tahajia ile ile, hata usipoelewa. Kwa saratani ya titi tafuta mstari wa vipokezi, yaani sehemu za seli za saratani zinazopokea ishara ya kukua: ER na PR vya homoni, na HER2. Vyote vitatu vikiwa hasi, hasa kwa mgonjwa wa chini ya miaka 60, mwonyeshe daktari mstari huo, kwa sababu aina hiyo huenda sambamba na BRCA1 mara nyingi zaidi kuliko nyingine.

Piga picha kwa simu yako mwenyewe. Ukienda kutoa kopi steshenari, simama pale mpaka mashine imalize na uondoke na kila ukurasa.

Nalisema hili kwa kuchomeka. Nilipomaliza mchoro wa kwanza nilifurahi nikautuma kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, watu 61. Kufikia usiku ulishafika upande wa posa ya binti wa mama mkubwa. Wakweze watarajiwa wakauliza kama "ugonjwa wenu wa damu" utaingia kwao. Posa haikuvunjika, lakini mama mkubwa hakuongea nami mpaka Idi, na alikuwa na haki. Tangu hapo mchoro hauna majina, una herufi na namba, na maelezo ya kila mtu naomba ruhusa yake kabla ya kuyaandika. Na kama unatoka nje ya ukoo wako, tuseme unataka kuuliza wanawake wa mtaa mzima kwa ajili ya masomo, huo ni utafiti na unahitaji kibali cha maadili, kwa kawaida kupitia chuo chako au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Ukurasa wa kulia

Anza na mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 10,000. Hii karibu yote ni ya kirusi, HPV, na aina mbili tu, 16 na 18, zinabeba takribani asilimia 70. Mama na binti wakiipata wote, swali la kwanza siyo jeni. Swali ni: nani alipimwa? Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri kirusi huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 hadi 10. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari takribani mara sita. Hali ya VVU usimwulize mtu mbele za watu, na kama hataki kusema, acha nafasi wazi. Andika pia kama anavuta sigara, na kama wasichana wamechanjwa: chanjo ya HPV ilianza nchi nzima 2018 kwa wenye miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14.

Kwa titi na mfuko wa uzazi, uliza umri wa kuvunja ungo, umri wa kumzaa wa kwanza, idadi ya watoto, miezi aliyonyonyesha kila mmoja, umri wa kukoma hedhi. Uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi 30 mwaka 2002 ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3, juu ya punguzo linaloletwa na kila uzazi. Bibi zetu walionyonyesha watoto saba miaka miwili miwili walikuwa na kinga ambayo sisi wa mtoto mmoja na likizo ya uzazi ya siku 84 hatuna. Ndiyo maana bibi kuwa mzima hakukuhakikishii wewe.

Halafu pombe, bila kujali ni bia, gongo au mvinyo wa harusini: inasababisha saratani ya titi na hakuna ubishi wa kisayansi hapo. Unene baada ya kukoma hedhi nao. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vina pande mbili: hupandisha kidogo hatari ya titi wakati unavitumia, na hushusha ya ovari na mfuko wa uzazi kwa miaka mingi baadaye. Andika jina na miaka, usihukumu.

Moshi wa mkaa na kuni uandike, lakini ujue ushahidi wake mzito uko kwenye mapafu. Sidiria, kuweka simu au noti za elfu kumi kwenye sidiria, na kupigwa kiwiko cha ziwa kwenye daladala havijaonyeshwa kuleta saratani. Krimu za kujichubua zenye zebaki huharibu figo. Hiyo ni sababu tosha ya kuziacha bila kuzibandika saratani.

Pima habari za saluni

"Dawa ya nywele inaleta kansa ya kizazi." Nimeisikia Kariakoo, nimeisikia Sinza. Ina chanzo cha kweli, na ni mfano mzuri wa namna ya kusoma utafiti.

Marekani waliandikisha wanawake zaidi ya 50,000, kila mmoja akiwa na dada aliyepata saratani ya titi huku mwenyewe bado hajaugua. Wakawafuatilia kwa miaka, damu na jiko. Mwaka 2022 walitoa matokeo ya 33,497 kati yao: waliokuwa wakinyoosha nywele kwa dawa zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia.

Mara mbili ya nini? Hilo ndilo swali la kuuliza kila mara. Kwa wasiotumia, wanaougua kabla ya kufika miaka 70 walikadiriwa kuwa 1.64 katika 100. Kwa watumiaji wa mara kwa mara, 4.05 katika 100. Ni ongezeko la kweli na mimi limenifanya nisuke. Lakini karibu 96 kati ya watumiaji 100 hawatougua, na utafiti wa kufuatilia watu unaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja. Kuthibitisha kwamba kimoja kimeleta kingine kunahitaji zaidi. Ukisikia habari, tafuta vitu vitatu: watu wangapi, wamelinganishwa na nani, na namba halisi katika 100. Ikikosa vyote vitatu, iache palepale saluni.

Soma kurasa zako

Ukurasa wa kushoto unakupa wasiwasi ukikuta, upande mmoja wa ukoo: saratani ya titi kabla ya miaka 50 kwa zaidi ya mmoja; matiti yote mawili kwa mtu mmoja; ovari kwa umri wowote; mwanamume mwenye saratani ya titi; au titi na ovari zikipishana mama kwa binti. Kwetu, baada ya kumtoa wifi, walibaki dada wa bibi mwenye miaka 34, binti yake wa tumbo la maji, na mama mdogo aliyegundulika akiwa na 44. Ukikosa dalili hizo, na ukurasa wa kulia umejaa kutopimwa, pombe na moshi, kazi yako iko jikoni na kliniki.

Na kliniki unaenda kwa vyovyote. Kipimo cha siki cha mlango wa kizazi kinafanyika hospitali za rufaa za mkoa kama Temeke, Amana na Mwananyamala: nesi anapaka siki dhaifu, anasubiri dakika moja, penye mabadiliko panageuka nyeupe, na majibu unaondoka nayo. Mwongozo wa kimataifa ni kuanza miaka 30, au 25 kama unaishi na VVU. Jeni nzuri haikuondolei safari hiyo.

Ukifika kwa mtaalamu

Punguza daftari liwe karatasi moja: mchoro wenye herufi, umri, ugonjwa, nyota kwa vilivyothibitishwa na patholojia. Nenda nayo kwa daktari wako, au kwa rufaa Taasisi ya Saratani Ocean Road, lile jengo la Wajerumani ufukweni kwenye barabara ambayo siku hizi ni Barack Obama. Daktari ana dakika chache; karatasi moja anaisoma, kauntabuku ataipongeza tu.

Kipimo cha jeni kikizungumzwa, anayepaswa kutangulia ni aliyeugua. Ukipimwa wewe mzima na usikutwe na kitu, hujui kama ukoo hauna hitilafu au wewe tu ndiye hukuirithi. Uliza mapema sampuli inapimwa wapi, bei kamili, na nani atakufafanulia majibu. Majibu ni ya aina tatu: hitilafu ipo, haipo, na ile ya kuudhi, kuna badiliko lisilojulikana maana yake. Sisi Waafrika tunaipata hiyo ya tatu mara nyingi zaidi, kwa sababu hazina za jeni duniani zimejazwa zaidi na watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko la aina hiyo halikatiwi titi. Linasubiriwa.

Ikipatikana hitilafu ya kweli, ujue ukubwa wake: kwa BRCA1, takribani wanawake 72 katika 100 hupata saratani ya titi hadi kufikia miaka 80 na 44 ya ovari, kwa BRCA2, 69 na 17. Namba hizo nazo zimetoka zaidi kwa wanawake wa Ulaya na jamaa zao. Titi linaweza kufuatiliwa kwa MRI (picha za sumaku) na mamografia (eksirei ya titi). Ovari haina kipimo cha uchunguzi kilichothibitika kuokoa maisha, kwa hiyo mwenye BRCA1 aliyemaliza kuzaa huzungumza na daktari kuhusu kuitoa akiwa kati ya miaka 35 na 40.

Wa kuambiwa baada ya hapo ni ndugu wa damu, mmoja mmoja, ana kwa ana, na wanaume wasirukwe. Mjomba, alipopokea simu hatimaye, aliniambia hayo ni mambo ya kina mama. Nikamwuliza mabinti zake wana umri gani. Akanyamaza, kisha akasema yule mkubwa nimemwandika vibaya, alizaliwa 1994 na siyo 1996, nifute.